Mlamula Katika Dirisha la Byabato

Bukoba mjini
12 Mei 1970

Mwalimu Kokuberwa,

Hujambo, na wanafunzi wako wazee hawajambo? Picha za darasa lako la watu wazima nimezimaliza, nazituma kwa mkono wa dereva wa basi. Yule bibi aliyekataa kuteremsha daftari lake usoni ametoka vizuri kuliko wote. Yanaonekana macho tu, lakini ni macho ya mtu anayesoma.

Ndani ya bahasha ndogo utakuta picha kumi na mbili ambazo hukuziagiza. Hizo ni zawadi. Unakumbuka nilipokuja Muleba mwezi wa tatu, ulinilisha ebitoke, zile ndizi zenu za kupika, mpaka nikaomba msamaha, na kesho yake ukaondoka kwenda Mwanza kwenye mafunzo ya walimu. Mimi nilibaki siku mbili nikingoja mvua ipungue. Nilikuwa sina kazi, nikapanda mlimani hadi kwenye ile nyumba ya kaburi ya Mzee Byabato. Bwana Datius, mwanawe, aliniruhusu kupiga picha kwa nje. Ufunguo wa mlango hakunipa.

Sijui nikueleze vipi. Vile vioo vya rangi, kwa aliyesimama nje, havionyeshi watakatifu wake. Watakatifu wanaonekana kwa aliye ndani, na aliye ndani ni marehemu peke yake. Kwa nje vioo ni vyeusi kama maji ya kisima, na kama maji ya kisima vinashika kila kinachopita mbele yake. Alipita mama mwenye mzigo wa kuni, na ile mistari ya risasi inayounganisha vioo ikamgawa vipande vitano, kila kipande kikatembea kivyake, kisha vyote vikakutana pembeni vikawa mama mmoja tena. Wingu liliingia kwa chini likatokea kwa juu. Mbuzi alijitazama mpaka akaona haya.

Nilisimama pale kama mtu aliyelala macho wazi. Mwanzoni kivuli kimoja kilinisumbua, lakini Mzee Protase, yule mlinzi, alinisaidia, mwanga ukawa safi. Filamu ilikaa ndani ya kamera mpaka nilipopata dawa ya kuisafishia, ndiyo maana nimechelewa.

Zitazame jioni, ukiwa hujachoka.

Ni mimi,
Yunus Muhidini


Muleba
19 Mei 1970

Ndugu Yunus,

Picha za darasa zimefika, na wanafunzi wamezigombania mpaka nikazifungia kabatini. Bibi wa daftari anakusalimu. Anasema safari ijayo utampiga akiwa ameshika gazeti.

Zile kumi na mbili nimezitazama, na nitakuambia ninavyofikiri. Ni nzuri. Kwa sababu hiyo zimenikasirisha. Nyinyi watu wa mjini mkiona kitu kinang'aa hamuulizi kimefikaje. Nikuambie mimi. Vioo vile viliteremshwa melini hapo Bukoba mwaka 1938, ndani ya masanduku yenye majani makavu, na watwarwa wa Byabato, wale wapangaji wake, wakavibeba mabegani siku tatu mpaka huku, kwa sababu walikuwa wanakaa kwenye nyarubanja, ardhi yake ya kibwana, na mtwarwa hakuwa na mdomo wa kukataa. Mmoja alikuwa tata, baba yangu mzazi, Rweyemamu. Tangu siku hiyo bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Wafu wa Byabato walijengewa nyumba ya vioo wakati walio hai walikuwa wanalala juu ya nyasi, na mpaka leo wapo wanaoita jambo hilo ustaarabu. Andika hayo nyuma ya picha zako.

Lakini siandiki kwa ajili hiyo. Nimerudi kutoka Mwanza nimekuta maharage.

Tata alizikwa katika kibanja chetu, shamba letu la migomba, chini ya lile kaburi la vioo. Hatukuwa na simenti. Tulimpangia mawe, na kichwani kaka yangu marehemu akapanda mlamula, kama tunavyofanya sisi. Ninyi mnaouona barabarani mnadhani ni mti wa kawaida. Kwetu ukiona mlamula umesimama, unajua hapo pana mpaka au pana mtu, na hauguswi. Sasa haupo. Umekatwa, kisiki kimeng'olewa, mawe yamehamishwa sijui wapi, na juu yake maharage ya Datius Byabato yameshatambaa vizuri kabisa.

Unajua serikali imefuta nyarubanja, na kila mtwarwa apewe anapolima. Kamati ya ardhi ya kijiji inakuja tarehe 11 Juni. Datius anasema kibanja kile hakikuwa chetu hata siku moja, tulikuwa wapita njia. Mtu ambaye baba yake amelala pale hawezi kuitwa mpita njia, na yeye anajua. Ndiyo maana aliukata. Mimi ni mwanamke, kaka yangu amekufa, na wazee wengine wanatafuta sababu tu. Shamba limelimwa lote, na bila mti hata mimi siwezi kuapa ni hatua ipi; nikishindwa kuonyesha lilipo kaburi, sina pa kukaa, na tata atalimwa kila msimu.

Katika picha zako zote nimetafuta kwa kioo cha kukuzia. Naona migomba, naona mawingu yako, mlamula siuoni. Basi aliukata mara tu nilipoondoka, kabla hujapanda mlimani. Je, huna picha nyingine?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Felicitas Kokuberwa


Bukoba mjini
27 Mei 1970

Mwalimu Kokuberwa,

Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Ipo picha moja. Ilikuwa ya kwanza, nikaiweka kando kwa kuwa niliiona imeharibika. Mimi mwenyewe nimetokea katikati ya kioo, mweusi, nimeinama juu ya kamera, na mti mwembamba umesimama upande wa kushoto wa picha kama fimbo, ukimkata mtakatifu asiyeonekana. Nimeisafisha kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu. Mti unaonekana na majani yake marefu kileleni. Chini yake pana weupe kidogo. Nilidhani ni doa la dawa. Nikitazama sasa naona ni mawe.

Ipeleke kwa kamati. Wakiuliza ilipigwa lini, ni tarehe 17 Machi, asubuhi.

Nimekuwa nikiota vile vioo. Katika ndoto wanapita watu wenye masanduku, hawageuki kunitazama.

Pole sana kwa mzee. Sikujua.

Yunus


Muleba
14 Juni 1970

Ndugu Yunus,

Wamenicheka. Nakuandikia nikiwa bado na hasira, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Kamati ilikuja Alhamisi, watu saba, mwenyekiti Mzee Ishengoma. Nikatoa picha yako. Walishangaa kwanza, wakapokezana, mmoja akasema huyu aliyeinama ni shetani, nikamwambia ni mpiga picha kutoka mjini, akasema habadilishi neno lake. Kisha Datius, kwa heshima zake zote, akashauri kamati ipande juu, isimame palepale penye kaburi la baba yake, mgongo kwenye dirisha, itazame shamba na picha mkononi. Tukapanda. Picha inaonyesha mti kushoto. Wakatazama kushoto, nami nikaiamini picha kuliko kumbukumbu yangu. Vijana wakachimba kushoto, mara tatu. Waliyoyapata ni mizizi ya mgomba na chungu kilichovunjika.

Datius hakucheka yeye. Aliwaacha wengine wacheke. Kisha akasema kwa upole kwamba marehemu baba yangu labda alizikwa hewani.

Nikashindwa kujizuia. Nilisema mbele ya wote kwamba Datius Byabato aliukata mlamula wa tata kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba ukoo unaojengea wafu wake vioo umezoea kuwaficha wafu wa wengine. Akaapa kwamba hakuukata. Aliapa akitaja jina la Mungu, Yunus, na mimi namjua tangu tuko komunyo ya kwanza pamoja, hawezi kuapa uongo. Nimechanganyikiwa. Mzee Protase alipoulizwa alisema tu kwa heshima, "Ni mgeni, waitu," na alipobanwa mgeni gani, akasema amesahau.

Mzee Ishengoma amenipa mpaka Alhamisi tarehe 25. Nikishindwa, kibanja kinarudi kwa Datius, na nimwombe radhi mbele ya kijiji kwa kumsingizia. Kibanja kinaniuma. Hilo la radhi linanichoma.

Njoo uwaambie kwamba picha ni ya kweli na tarehe yake ni ya kweli. Nawe una macho ya kuangalia vitu. Labda utaona tulichokosea.

Felicitas


Muleba
18 Juni 1970

Bwana Yunus,

Salaam. Nimeambiwa picha yako moja inazunguka kijijini na kuleta kelele ambazo wewe, kama msanii, hukuzikusudia. Sina kinyongo. Ulikuja kwangu kama mtu anayependa kitu kizuri, na watu wa namna hiyo huku ni wachache.

Nimefikiria ombi lako la mwezi wa tatu, la kuingia ndani. Kuna saa moja tu ambayo dirisha la magharibi linapata jua lote, nayo ni saa kumi alasiri, mwezi huu wa Juni. Rangi zinatambaa sakafuni polepole mpaka zinapanda ukutani. Nyekundu inatangulia, inafika kwenye jina la baba na kukaa hapo kwa dakika chache. Sijapata kumwonyesha mtu. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndiyo njia ambayo marehemu wanatoka kwenda matembezini.

Njoo Alhamisi tarehe 25. Kamati itakaa asubuhi huko chini, ikimaliza nitakuwa huru. Pitia barabara ya juu, huna haja ya kuonana na mtu. Ufunguo nitakuwa nao, na utapiga utakavyo, siku hiyo na siku nyingine.

Mzee Protase ni mtu mzima. Hana sababu ya kukumbuka kila mti aliowahi kuukata kwa kumridhisha mgeni. Sioni kwa nini mgeni akumbuke.

Wako,
Datius Byabato


Bukoba mjini
21 Juni 1970

Mwalimu Kokuberwa,

Naambatanisha barua ya Datius niliyoipata jana. Isome kwanza, kisha urudi kwenye hii.

Umeshaisoma. Basi unajua.

Mti niliukata mimi. Panga lilikuwa la Mzee Protase na mkono ulikuwa wake, lakini neno lilikuwa langu. Ile fimbo nyeusi ilikuwa inanikata kioo changu. Nilijaribu kusogea kulia, nikajaribu kuinama, ilinifuata. Nikamwita Protase nikamwomba auondoe mti ule. Akasema, "Huu haukatwi, waitu." Nikadhani anataka kuombwa vizuri, kama wanavyofanya watu wa mjini kwetu. Nikamwomba vizuri. Nikamwambia Bwana Datius ameniruhusu. Hakuwa ameniruhusu kukata mti, alikuwa ameniruhusu kupiga picha. Protase aliishi maisha yake yote chini ya nyarubanja, akisikia jina la Byabato mkono wake unafanya kazi wenyewe. Mimi nikaushika mti usiangukie kamera. Nilihesabu hatua nikirudi kwenye kioo: kumi na saba, kutoka kisiki hadi dirisha la kati.

Mimi babu yangu alitoka pwani na misafara, nimezaliwa hapa Bukoba, nanunua ndizi zenu, nazungumza Kihaya sokoni, na sikujua mlamula ni nini. Nilikuwa nimeuona maelfu ya mara. Sikuwahi kuuliza. Uliandika kwamba watu wa mjini hatuulizi kitu kimefikaje, nami nilipomaliza barua ile nilikuwa tayari najua kosa langu, nikakutumia picha bila kukiri, nikajidanganya kwamba picha inatosha. Kisiki sikukigusa wala mawe. Hayo ni ya Datius, alikuta mlango umeshafunguliwa akaingia. Lakini aliyeufungua ni mimi, na wewe ukamsingizia yeye kosa langu mbele ya kijiji.

Zabibu, mke wangu, nilimsomea barua zako zote jana baada ya chakula. Nilipomaliza akasema, "Umemkatia mtu baba yake, halafu ukampelekea zawadi."

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo mlilokosea. Picha ile haikupiga shamba. Ilipiga kioo. Datius alipowageuza mgongo kwenye dirisha aliwageuzia na pande zenu. Aliyetazama dirisha, mti ulikuwa nyuma ya bega lake la kushoto. Akigeuka kutazama shamba, kushoto kunakuwa kulia. Mmechimba upande wa pili kabisa. Mweleze Mzee Ishengoma asimame uso kwenye kioo, ajitazame, kisha ainue mkono wa kushoto. Huko ndiko aliko mzee.

Nimefikiria kukuachia maelezo haya nikabaki nyumbani. Nimefikiria pia, sitakuficha, ile nyekundu inayopanda ukutani. Nimeifikiria sana. Nikifumba macho naiona inavyofika kwenye jina na kukaa. Lakini maelezo bila mtu ni karatasi nyingine tu, na kamati imeshacheka karatasi moja. Nitakuja Alhamisi kwa barabara ya chini, asubuhi, nitasema mbele ya wote. Kamera sitakuja nayo.

Usinijibu. Hakuna jibu ninalostahili kabla ya siku hiyo.

Yunus Muhidini


Muleba
30 Juni 1970

Ndugu Yunus,

Uliondoka mara ulipokiri mbele ya kamati, kabla hatujapanda mlimani, na ni mimi niliyekuondoa. Nilikuambia, "Umeshasema. Nenda." Ukaenda kwa mguu hadi barabarani bila hata maji. Katika nyumba yetu hajawahi kutoka mgeni akiwa na njaa, hata mkusanya kodi wa mkoloni. Siku tano nimelibeba hilo, na sina mahali pa kulitua ila hapa.

Nitakueleza usiyoyaona.

Mzee Ishengoma alijitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani alikuwa hajapata kujiona mwili mzima. Akainua mkono wa kushoto, akageuka kuufuata bila kuushusha, akatembea kama kipofu anayeongozwa na mkono wake mwenyewe, na wazee sita nyuma yake wakihesabu kwa sauti kama wanafunzi wangu. Katika hatua ya kumi na sita akakanyaga maharage. Katika ya kumi na saba vijana wakachimba. Watu wa Datius walikuwa wameng'oa kisiki, Yunus, lakini mlamula hauondoki wote. Mzizi mnene ulikuwa umebaki, mweupe, na kwenye jicho lake kimetoka kichipukizi chenye urefu wa kidole. Chini yake yalikuwa mawe mawili waliyoshindwa kuyahamisha. Mzee Ishengoma alivua kofia. Alisema, "Inatosha, mfunikeni mzee." Hakuna aliyehoji tena.

Kibanja kimeandikwa jina langu. Limeandikwa lote, Felicitas Kokuberwa binti Rweyemamu, na karani alipotaka kufupisha nilimwambia nina siku nzima.

Datius nilimwomba radhi. Usishangae. Nilikuwa nimesema aliukata, na hakuukata. Lakini nilimwomba kwa hilo moja tu, kisha nikamtajia mawe na kisiki, kimoja kimoja, hadharani, naye akatazama chini. Vijana walitaka kuvunja vile vioo, wakisema ni ubwanyenye. Huko nyuma mimi ningewaokotea mawe. Niliwaambia tata alivibeba siku tatu bila kuvipasua, hawatavipasua wao kwa dakika mbili.

Kisha kamati ikataka kupima mpaka unapopita ukuta, ikabidi mlango ufunguliwe. Ilikuwa yapata saa kumi. Niliingia. Nimekaa chini ya nyumba ile miaka thelathini na miwili na sikuwa nimeingia hata siku moja, wala tata hakuwahi kuingia, alikabidhi sanduku mlangoni.

Nitakueleza kwa sababu ulikuwa na haki ya kuona na ukaiacha. Sijui kusema maneno ya ndoto kama wewe. Ukutani niliona buluu kwanza, kama maji ya ziwa ukiyatazama kutoka mlimani asubuhi kabla ya upepo. Halafu njano, kama rangi ya ndizi iliyoiva kupita. Nyekundu ilikuwa inatambaa taratibu, huwezi kuiona inatembea, unaona tu kwamba imefika. Ilipita kwenye jina la Byabato ikaendelea. Datius hakuwa ameandika hilo, kwamba inaendelea. Ikanifika mimi. Ilipanda viatuni, ikafika kwenye gauni, nikaitazama kwenye viganja vyangu vyenye udongo, na Mzee Ishengoma naye alikuwa wa kijani kibichi, na karani wa buluu. Tulisimama hivyo wote, watu wazima tisa waliosahau walichoingia kupima. Niliwaza kwamba mtu anaweza kuchukia namna kitu kilivyokuja na bado akasimama ndani yake. Bado nachukia. Bado nilisimama. Sijalimaliza jambo hilo kichwani, na ukija na jibu la haraka nitagombana na wewe.

Sijakusamehe. Nataka ujue hilo lisije likakuchanganya hili linalofuata.

Jumamosi tarehe 11 Julai tunang'oa maharage. Ni ya Datius, alipanda yeye, atapelekewa yote hadi punje ya mwisho, nisije nikasikia kwamba binti Rweyemamu alikula jasho la mtu. Mzee Protase atakuwepo. Baada ya hapo tunampangia tata mawe upya, na mikono haitoshi. Mlete Zabibu, huyo anaonekana ana akili.

Kuku nimeshamfunga mguu jikoni, jogoo mwekundu. Hapa kwangu wote ni Wakatoliki, na sitaki mle mkiwa na wasiwasi, kwa hiyo hakuna atakayemgusa. Utamchinja wewe mwenyewe ukifika.

Felicitas Kokuberwa